Intavyu ya Kakiika

Miezi sita nzima Fébronie alikaa kwenye darasa la cherehani pale Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi, darasa la vijana waliokatiza shule, na mwalimu Elisée hakuwafundisha kushona tu. Aliwafundisha kubisha hodi, kukaa bila kukunja mabega, kujieleza mbele ya mwajiri. "Kule Mbarara useme mikono yako inajua nini," aliwaambia kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Ile ingine yote uache ku nyumba."

Fébronie aliyakariri maneno ya kujieleza hadi mama yake, Jeannette, akachoka kumsikia. Naitwa Fébronie, nashona sare, nakata bila kuharibu kitambaa. Nafasi ilikuwa moja tu, kwenye karakana ya sare za shule huko Kakiika, Mbarara, na aliitaka kufa na kupona. Nani asingeitaka? Tangu ana miaka kumi na miwili alikuwa akiandamana na mama yake kwenye intavyu za wakimbizi wanaoomba kuhamishiwa ng'ambo, kueleza yaleyale ya kukimbia kwao kwa maneno yaleyale, maana ukikosea tarehe moja tu wanasema unadanganya. Mara nne wameeleza. Mara nne wameambiwa wasubiri.

Siku yenyewe alifika mapema, sketi imepigwa pasi. Mwenye karakana, mama wa makamo aliyejifunza Kiswahili kwa mumewe mwanajeshi, alikuwa na faili mezani na kalamu mkononi.

"Haya, kaa," akasema. "Wewe eleza mimi habari yako yote, polepole."

Basi, mambo yakaharibikia hapo. Meza, faili, kalamu, na hilo neno polepole. Msimcheke. Mdomo wa Fébronie ulishika njia uliyoizoea, akataja mkoa, tarafa, mlima walikokaa, siku waliyotoka. Akataja baba yake, waliomchukua na saa waliyomchukua. Alijisikia akisema na akashindwa kuacha, kwa sababu maelezo yale ukishayaanza hukatizi katikati. Nyuma ya ukuta alizisikia cherehani zikikimbia, na moyo ukamuuma kwa hasira, hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Mikono yake ilikaa kimya mapajani mpaka mwisho.

Yule mama alikuwa akifuta machozi. "Pole sana, mtoto yangu. Pole sana."

Akamnunulia soda, akamfungia vipande viwili vya sabuni. Fébronie akiwa bado kwenye benchi la nje, soda haijafika nusu, msichana aliyemfuata aliingia, akasema anaweka zipu upesi na haipindi, akaonyeshwa cherehani atakayofanyia kazi.

Jioni Jeannette alikuwa mlangoni akimngoja. Hakuuliza habari ya kazi. Aliuliza swali analouliza kila mara mtu anapotoka kwenye intavyu.

"Walikuamini?"

Fébronie aliweka sabuni chini.

"Waliniamini, mama. Kila neno."