Mistari Myekundu ya Babu

Tangu babu apatwe na ugonjwa wa Parkinson, korido ya nyumba ilijaa mistari myekundu ya utepe wa gundi, kutoka chumbani kwake hadi chooni. Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyeibandika. Alieleza kwamba miguu ya babu si mibovu, ila husahau namna ya kuanza. Ikiona mstari mbele yake, huinuka na kuuvuka. Kila asubuhi babu aliivuka akihesabu kwa sauti ya kamanda, na bibi akimwitikia nyuma kama jeshi la mtu mmoja.

Mjukuu wao, aliyepewa cheo cha Waziri bwenini kwa kusema uongo bila kupepesa macho, aliyajua haya yote. Lakini Jumamosi ile wenzake wawili wa bweni walikuwa wanakuja, naye alishawatangazia kwamba kwao ni nyumba ya heshima. Heshima gani yenye korido kama uwanja wa mchezo wa rede? Babu alipolala mchana, na bibi akiwa sokoni, Waziri akaibandua mistari yote, akaifinyanga donge, akaitupa jaani. Kisha akavaa tai ya shule, akangoja wageni.

Soda zilikuwa bado mikononi mwa wageni babu alipotokea mlangoni pa chumba chake, mkono ukitetemeka kwenye fremu. Akatazama sakafu. Miguu ikaganda.

"Mume mwenzangu," aliita kwa sauti ndogo, "njia yangu iko wapi?"

"Si hiyo hapo, babu? Wewe pita tu."

"Ingekuwa kupita tu, ningekuuliza?"

Rafiki mmoja akacheka. "Mzee kaishiwa chaji!"

Mwenzake akampiga kiwiko. Halafu suruali ya babu ikaanza kulowa.

Waziri, bingwa wa visingizio, alikosa hata kimoja. Aliiomba ardhi ipasuke immeze. Ardhi nayo ikamkataa. Akavua tai, akapiga magoti, akaitandika mbele ya vidole vya babu.

"Nimeibandua mimi, babu. Vuka hapa."

Babu aliitazama tai, kisha akamtazama yeye. Akainua mguu, akavuka. Waziri akaivuta tai, akaitandika tena mbele, akitambaa kwa magoti kwenye unyevu ule, mbele ya macho ya bweni zima, kwa jinsi habari zinavyosafiri.

Chooni, babu alishika mlango.

"Usiondoke hapo," alisema. "Kuna kurudi."