Ned na Nede

Ziyad alipooa Mnorwei na kuhamia Bergen, mama yake, Bi Ghalia, alimwombea heri akabaki Woolwich. Akapata mjukuu, Miska, ambaye hadi anatimiza miaka mitano hakujua ila Kinorwei. Wakizungumza kwa video, bibi hutabasamu, mtoto hupunga mkono, basi.

Bi Ghalia akaona hilo halivumiliki. Akajiandikisha darasa la Kinorwei la Jumamosi maktabani, kwa mwalimu aitwaye Maureen aliyewahi kuishi Norwei. Binti yake Bi Ghalia, Mwanamwema, alimwambia asijisumbue, mtoto atajifunza Kiingereza shuleni.

"Mimi simngoji," mama akajibu.

Kilichomtoa jasho ni maneno madogo ya kuelekea. Kwa Kiswahili mtu husema chini tu, awe anashuka au amekwishafika. Kinorwei hakikubali. Anayeshuka huenda "ned". Akishafika, yuko "nede". Anayetoka huenda "ut". Aliyeko nje yuko "ute". Maureen alimweleza kuwa neno fupi ni la mwendo, lenye mkia ni la kutulia. Basi Bi Ghalia akawa anashuka ngazi za fleti akinong'ona ned, ned, ned, na akifika mlangoni, nede. Majirani walimtazama, hakujali. Alikosea sana, Miska akamcheka sana, lakini polepole wakaanza kuelewana.

Asubuhi moja ya Januari Miska alipiga mwenyewe kwa tableti, yumo katika nguo za kulalia, machozi yanamtoka. Bibi akamuuliza mama yuko wapi.

"Mamma er nede," mtoto akasema. Mama yuko chini.

Hakusema ned. Kwa hiyo mama hakuwa anashuka. Alikuwa huko huko chini, na Miska akasema akimwita haitiki. Bi Ghalia aliwahi kuonyeshwa kwa video stoo iliyochimbwa chini ya nyumba, na ngazi zake kali za mawe. Ziyad alikuwa kazini melini, simu haipatikani. Mtoto akageuka kuufuata mlango wa stoo.

Bi Ghalia akaituliza sauti yake.

"Ikke ned, Miska," akamwambia. Usishuke. "Ut. Gå ut." Toka nje.

Mtoto akasita. Bibi akarudia, taratibu, mpaka Miska akavaa viatu, akafungua mlango na kutoka na tableti mkononi. Picha ikayumba: theluji, uzio, theluji tena. Bi Ghalia akamwelekeza kwa jirani. Akafungua mzee mmoja, Bi Ghalia akamweleza kwa Kiingereza, naye akatoka mbio bila koti.

Mzee alimkuta Ingunn, mkwe wa Bi Ghalia, chini ya ngazi, mguu umevunjika, kichwa kinavuja damu, hana fahamu. Jioni alizinduka hospitalini. Ziyad alipopata habari akampigia mama yake akilia. Bi Ghalia akamwacha alie, kisha akamuuliza kama Miska amepewa chakula.

Jumamosi Mwanamwema mwenyewe ndiye aliyempeleka maktabani kwa gari, wala hakurudia kusema kwamba mtoto atajifunza Kiingereza. Bi Ghalia akaketi mbele, akamwambia Maureen kwamba sasa anataka kujua kusema mambo yaliyopita, kwani mtoto ana mengi ya kumsimulia. Maureen akasema hayo yako mbali kidogo kitabuni.

"Tuanze leo," Bi Ghalia akasema, akafungua kitabu.