Ukisema Mbili

Barua ya wifi yangu ilinifikia Jumatatu asubuhi, imekunjwa mara tatu, kingo zimelingana sawasawa. Naomba kuhamishiwa jikoni. Sababu: binafsi. Mimi ndiye msimamizi wa chumba cha kufulia nguo cha hospitali yetu, kwa hiyo bila sahihi yangu haendi popote. Niliitia mfukoni mwa aproni nikasema nitaisoma vizuri baadaye, utadhani ilikuwa na kurasa kumi.

Sababu binafsi ilikuwa mimi. Tusizungushane. Wiki iliyotangulia nilichukua rundo lake la mashuka, nikalifumua mbele ya watu wote na kulikunja upya, kwa kuwa pindo zilikuwa zimeangalia nje. Wagonjwa hawajali pindo zinaangalia wapi. Mimi najali. Jumapili alipokuja kwetu alizungumza na kaka yake, yaani mume wangu, mimi akanipita kama kiti.

Na huyo ndiye mfuaji bora niliye naye. Somo la kwanza la chumba chetu ni mifuko: nguo haiingii kwenye mashine kabla mfuko haujakaguliwa. Tumeshatoa humo kalamu, funguo, na safari moja meno ya bandia ambayo daktari mmoja anayakana mpaka leo. Kila mmoja wetu amewahi kupitiwa, hata mimi. Wifi, miaka sita, hajapitiwa hata mara moja.

Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa siku ya michezo ya wafanyakazi, nasi tulipangwa kuvuta kamba na jikoni. Jikoni, tena! Mpishi mkuu, mtu mpana tunayemwita Sufuria, alinisimamisha kwenye korido.

"Dada Kengele! Tunachukua ushindi, halafu tunachukua na wifi yako."

Kengele ni mimi; wanasema sauti yangu inafika mpaka wodi ya wazazi. Nilidhani barua ile ni siri ya watu wawili, kumbe jikoni ilishaiva.

Jumanne baada ya zamu tukaanza mazoezi nyuma ya stoo. Wavutaji walikuwa wanane, wifi akiwemo, nami nikasimama pembeni kuhesabu kama ninavyohesabu kazini. Wakagawanyika wanne kwa wanne.

"Moja!"

Wakavuta, kamba ikakaza vizuri.

"Mbili!"

Pande zote mbili zikapiga hatua mbele. Kamba ikalegea, ikalala chini, na watu wanane wakabaki wanatazamana. Tukarudia. Mbele tena. Mara ya tatu wakaanza kucheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Ni wewe, wifi," alisema wifi yangu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ya mashuka. "Tukikunja shuka, ukisema moja tunavuta linyooke. Ukisema mbili tunasogeleana tukutanishe pembe. Miguu imezoea. Inakwenda yenyewe."

Alisema kweli tupu, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha kuhesabu?" nikamjibu. Akaanza kuikunja kamba.

Jumatano niliacha namba, nikawa napiga kelele tu, "Vuta! Vuta!" Kila mtu akavuta kwa wakati wake. Nilipochoka, ulimi ukarudi kwenye moja na mbili, nao wakasogea mbele kama kawaida. Mzee wa Pasi, aliyekuwa chumbani humo kabla yetu sote, akaiweka kamba chini polepole.

"Mama, usinichukie. Sauti yako tumeizoea kwenye mashuka. Mpe mwingine."

Hawakumtaja. Walimtazama wifi tu.

Roho iliniuma, sitaficha. Miaka yote nilijua kwamba nikinyamaza chumba kile kitasimama. Sasa nimpe kazi hiyo mtu ambaye barua yake iko mfukoni mwangu, kisha aifanye vizuri, kisha aondoke? Hata hivyo Alhamisi nilimfuata kwenye meza ya kukunjia.

"Jumamosi utahesabu wewe. Mimi nitavuta mahali pako."

"Mimi sihesabu."

"Basi fanya unavyojua."

"Na hutaingilia?"

"Sitaingilia."

"Apa."

"Wifi, usinitanie."

"Apa."

Nikaapa.

Siku yenyewe nilishika kamba nyuma ya Mzee wa Pasi. Jikoni walikuwa wakubwa, kila mmoja na mikono ya kuinulia masufuria. Filimbi ikalia. Wifi alichuchumaa pembeni yetu, akasema kwa sauti ndogo, "Kaeni. Kaeni hapo." Tukaegemea nyuma, visigino ardhini, hatufanyi lolote. Jikoni wakavuta kwa pupa. Wifi akasema, "Haya," tukavuta pamoja, na kamba ikaja kwetu kidogo. Ilikuja! Furaha ikanipanda, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mbili!"

Watu wangu wote wakapiga hatua mbele, wanyenyekevu kabisa, na jikoni wakatubeba mpaka ng'ambo ya mstari.

Wifi hakugomba. Alinitazama, akasema, "Uliapa." Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Nilivua kitambaa cha kichwa, nikakikunja, nikakiuma kwa meno. Uwanja mzima ulicheka. Wacha wacheke. Katika mzunguko wa pili kati ya mitatu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umezibwa, nilipata nafasi ya kumtazama. Hakuwa anatutazama sisi tu. Alikuwa anamsoma Sufuria miguu. Kila Sufuria alipobadilisha mguu, wifi alisema, "Haya." Pia alimwona Mzee wa Pasi anatetemeka goti, akamwambia, "Mzee, pumua, tunakungoja," na sote tukangoja. Mimi nimesimamia watu hawa miaka yote na sikujua goti lile ni bovu. Nilikuwa natazama mashuka.

Tukashinda wa pili. Wa tatu ulikuwa mrefu mno. Viganja viliwaka, na ndani ya kitambaa kile nilipiga kelele namba zote ninazozijua, hakuna aliyezisikia, namshukuru Mungu. "Kaeni. Kaeni." Sufuria akainua mguu. "Haya!" Wakaja wote, kama shuka linalotoka kwenye mashine.

Tulipewa seti ya vikombe vya chai. Sufuria alinishika bega, akihema.

"Mmetuweza. Lakini huyo sasa namtaka mara mbili zaidi."

Jumatatu nilitoa barua mfukoni. Nilikuwa nimewaza kuichana, nikaona huo utakuwa ubabe uleule. Nikatia sahihi kwa wino wa bluu, nikampelekea mbele ya watu wote, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya watu wote.

"Wifi, nisamehe kwa yale mashuka. Ulikuwa ukorofi wangu. Nimesaini. Ukitaka kwenda, nenda. Ukibaki, meza ya kukunja utaiongoza wewe, na pindo ziangalie hata dari."

Aliisoma, akaikunja mara tatu, akaitia mfukoni mwa aproni yake. "Nitaangalia," alisema.

Hakuongeza lolote, si Jumanne, si Jumatano. Kila toroli la jikoni lilipopita mlangoni niligeuka kuhakikisha bado yuko mezani.

Ijumaa ni siku ya kufua aproni zetu wenyewe. Mashine ilipofunguliwa chumba kizima kikaguna: aproni zote zilikuwa zimejaa chembe nyeupe za karatasi. Katika chumba chetu hiyo ni aibu ya mwaka. Niliokota kipande kimoja. Kilikuwa na doa la bluu.

"Nani hakukagua mfuko?" niliuliza, na bila shaka wodi ya wazazi walinisikia.

"Mimi," alisema wifi kutoka mezani, bila kuinua macho. "Nimepitiwa."

Miaka sita!

Nilikitia kile kipande mfukoni. Kisha nikaenda mezani kwake, nikashika ncha ya pili ya shuka, nikangoja aseme.