Kipete cha Kuandikia

Msiniulize kwa nini nahangaika na mashine ya miaka arobaini. Hapa Garsen nimeshaitwa mwehu vya kutosha. Mimi Kabibi nilikuwa mwendesha kompyuta wa mradi uliokuwa ukihesabu watu nyumba kwa nyumba huku delta ya Mto Tana. Mradi ulipofungwa, mashine ya tepu na tepu zake, zile kanda za sumaku za kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta, waliniachia. Nani mwingine angezitaka?

Mwezi uliopita akaja Mama Hawa, mjane wa Duba, kutoka upande wa Tarasaa. Hata chai hakuigusa.

"Kabibi, mwanangu Nimo alichukuliwa na mafuriko akiwa na miaka miwili. Hatukumpata tumzike. Hana picha, hana cheti. Watu wenu walipita kwetu mwaka huo huo, kabla ya maji. Nataka kuliona jina lake limeandikwa mahali kabla sijafa."

Tepu ya kijiji chao nilikuwa nayo.

Basi nikaanza. Ndani ya kompyuta kuna kadi inayotoa amri, ndiyo kontrola. Mashine ya tepu yenyewe kazi yake ni kuzungusha tu. Katikati yao kuna boksi tuliloliita fomata, na hilo ndilo linalozigeuza alama za kwenye tepu zikasomeka. Siku tisa gurudumu la tepu lilizunguka, na kwenye kioo cha kompyuta haikuja hata herufi moja. Niliitukana fomata, nikamtukana aliyeiunda na ukoo wake wote. Kumbe zile nyaya mbili pana zinazoiunga fomata na kadi nilizichomeka kinyume, ya huku kule na ya kule huku, na lebo nilizozibandika mwenyewe ujanani ziko pale pale. Lo! Mtu mzima ovyo mimi.

Nikamwita Mama Hawa. Mbele yake nikachomoa kipete cha plastiki mgongoni mwa gurudumu.

"Hiki kikiwepo, mashine inaweza kuandika na kufuta," nikamweleza. "Kikitoka, inasoma tu. Sitaki ajali."

Tepu ikasoma, nyumba baada ya nyumba, nami nikihifadhi nakala kwenye kompyuta. Tukafika kwao. Duba. Mke, Hawa. Watoto watatu: Suleiman, Kahaso, Abdikarim. Kisha nyumba ya jirani.

Nikarudi juu, nikasoma tena. Watatu. Nilitamani kuichukulia ile mashine nyundo.

Mama Hawa hakulia. "Duba ndiye aliyewajibu," akasema. "Hakupenda watoto wake wahesabiwe, aliogopa kijicho. Kila akiulizwa, alimficha yule aliyempenda zaidi."

Machozi yalinitoka mimi, sioni haya kusema.

Kisha akanyoosha mkono. "Kile kipete umekiweka wapi?"

Maisha yangu yote sijaongeza hata herufi kwenye tepu ya hesabu ya watu iliyokwisha kukamilika. Lakini nakala safi nilikuwa nayo, na yule mama alikuwa ameukunjua mkono, anangoja. Nikamwambia ukweli: ukiandika katikati, unawafuta wanaofuata. Nafasi iko mwisho kabisa, baada ya nyumba ya mwisho.

"Atakuwa mbali na ndugu zake," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ameshazoea. Mwandike."

Nikakirudisha kipete, nikaandika: Nimo binti Duba, miaka miwili. Halafu nikairudisha tepu mwanzo, tukasoma upya kuanzia nyumba ya kwanza, mpaka tukamfikia.