Tone Juu ya Kitanda cha Bibi

Nilirudishwa nyumbani wiki mbili kwa kosa la kuwapanga walimu mstari. Nilibandika tangazo kwenye ubao wa ofisi, lenye muhuri niliouchonga kwenye kiazi, likiwataka walimu wote wafike ukumbini kupimwa sare mpya. Walifika. Makamu wa mkuu wa shule alivua hata viatu ili urefu wake upimwe kwa haki. Aliyeshika futi kamba nilikuwa mimi, na hilo ndilo lililoniponza.

Barua ya adhabu ilisema nitapokewa tena nikija na maandishi ya mzazi, yanayothibitisha kwamba katika muda huo nimefanya kazi ya mikono yenye manufaa, na nimeimaliza. Baba aliisoma mara mbili, akanitazama, kisha akatazama dirishani, uani, lilikoegeshwa gari-nyumba la Bibi.

"Mheshimiwa," akasema. Tangu nirudi hakuniita jina jingine. "Kazi yako ile pale."

Gari-nyumba lile lina kitanda, jiko, meza ya kukunja na choo ambacho mtu hukikalia kwa mashaka. Bibi, mama yake Baba, aliendesha malori miaka thelathini. Alipostaafu alilinunua, akalizungusha kila pembe ya nchi, na injini ilipokufa akaliacha nyuma ya nyumba yetu na kuendelea kuishi humo. Sasa ni mwaka wa kumi na moja. Baba amemwandalia chumba ndani, chenye dirisha kubwa, na kila mwezi humwomba ahamie. Bibi humjibu kwamba atatoka kwenye gari lake siku atakayobebwa. Mvua zilizopita, paa lilipomvujia juu ya kitanda, wakawekeana sharti mbele yetu wote: litengenezwe kwa mara ya mwisho. Likivuja hata tone, Bibi anahamia ndani bila neno. Lisipovuja, Baba hafungui tena mdomo.

"Na wewe," Baba akaniambia, "likivuja, ujue hujamaliza kazi. Barua hakuna."

Ndivyo tone moja la maji lilivyopewa mamlaka juu ya malazi ya Bibi na elimu yangu.

Paa la faibaglasi ukiliona kutoka chini utadhani ni bakuli jeupe lililofunikwa. Ukilipanda saa nne asubuhi utagundua kuwa ni kikaango. Wiki ya kwanza iliishia kutafuta vifaa; siku ya kwanza ya kazi nilikwangua. Mafundi walionitangulia, yaani Baba, walikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: silikoni. Kila mwaka alipaka tabaka jipya juu ya la zamani, na kwa kuwa silikoni haishiki juu ya silikoni, yote yalikuwa yamebanduka pembeni kama kigaga, maji yakipita chini yake bila kumuaga mtu. Nilikaa juu ya ubao ili uzito wangu usilipasue paa, nikatumia kikwangulio cha plastiki kwa sababu cha chuma kingelichuna. Nilitoa nyeupe, nikatoa ya kijivu, nikatoa nyeusi, na nikatoa moja ya waridi ambayo hadi leo hakuna aliyekubali kuieleza. Kufika mchana, magoti yangu yalikuwa hayanijui.

Chini, Bibi akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

"Mke mwenzangu! Umekufa?"

"Bado, Bibi."

"Basi kwangua. Nasikia kimya huko."

Yeye mwenyewe hakupanda tena ngazi ya kufikia paa. Hata zile ngazi mbili za mlangoni alizipanda kwa mafungu: mguu, pumziko, mguu, pumziko, halafu tusi dogo kwa aliyezitengeneza.

Siku ya pili nilifuta kila mahali kwa spiriti mpaka kichwa kikawa chepesi. Fundi wa bodi za magari wa mtaani alinionyesha jinsi ya kuziba ufa mmoja kwa kitambaa cha faiba na gundi ya kuchanganya, akaniambia nina mkono mzuri, akaondoka kwenda kula. Nikafungua skrubu zote za kidirisha cha paa, ishirini na mbili, nikatandaza chini yake utepe mzito wa gundi, ule unaovutika kama chingamu, nikazirudisha zote ishirini na mbili. Siku ya tatu nilipaka gundi mpya juu ya kila skrubu na kila kiungo, mstari mmoja, bila kuinua mkono. Siku ya nne niliosha paa zima na kulipaka nta.

Nilichoka uchovu ambao shuleni haumo kwenye ratiba. Kijiko kilikuwa kizito. Niligundua kwa aibu kwamba kwa siku nne sikuwa nimewaza utundu hata mmoja. Na nakiri kwa masikitiko makubwa: ilikuwa kazi safi. Nilikuwa nikipita uani bila sababu ili niitazame.

Jumamosi paa likafanyiwa mtihani. Baba alisimama kwenye ngazi nje na mpira wa maji, akalinyeshea paa mvua ya saa nzima. Mimi nilikuwa ndani, nimebandika vipande vya karatasi ya chooni kwenye viungo vyote vya dari, ambayo hata aliyekaa kitandani huigusa kwa mkono, kwa sababu karatasi ile hulowa hata ikitishiwa tu. Bibi alikaa kitandani na kikombe chake cha chai, akitazama dari kama anayesubiri majibu ya daktari.

Dakika hamsini zilipita. Hakukuwa na unyevu hata wa kulowesha mguu wa nzi. Nikachungulia nje kumwambia Baba azungukie upande wa nyuma, nikarudi. Kipande cha juu ya kitanda kilikuwa kimelowa chepechepe.

Siku nne! Nikapanda juu ya kitanda kukitazama kwa karibu. Kilikuwa cha kahawia. Kilikuwa na alama ya kidole. Katikati yake palikuwa na jani moja la chai.

Bibi alikuwa anatazama ukuta mtupu kwa makini sana.

"Bibi."

"Unasemaje?"

"Paa linavuja chai."

Mpira wa maji ulikuwa ukiendelea kunyesha juu yetu.

"Ina sukari?" akauliza.

"Bibi!"

Akaweka kikombe chini. "Nimechoka, mjukuu wangu. Zile ngazi mbili zimenishinda tangu mwaka jana. Juzi nilikaa pale nje juu ya ndoo, nusu saa nzima, nasubiri magoti yakubali. Watu wakipita nawaambia naota jua."

"Si umwambie Baba? Chumba kipo."

"Nimwambie nini? Miaka kumi na moja naapa. Nikitoka kwa miguu yangu, nimezeeka. Paa likinitoa, mimi ni mtu tu aliyevujiwa."

"Sasa ungeniambia kabla sijakwangua siku nne!"

"Nilijua utaharibu," akasema kwa uchungu wa kweli. "Katika ukoo mzima, mtu niliyemtegemea aharibu ni wewe."

Hakuna aliyewahi kuniamini kiasi kile, na nilikuwa nimemwangusha.

"Mheshimiwa!" Baba akaita kutoka juu. "Vipi huko? Kavu?"

Neno moja tu, na Jumatatu ningekuwa bwenini. Bibi hakunisihi. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, akitazama mlango na zile ngazi zake.

Nikabandua karatasi ya kahawia, nikaitia mfukoni. Nikabandika mpya, nikachota maji safi ya bomba kwa kiganja, nikayapitisha kwenye kiungo mpaka yakachora mstari, nikadondosha matone matatu juu ya mto. Kama ni kughushi, fani iheshimiwe.

"Linavuja!" nikapiga kelele.

Baba aliingia akiwa ameloa. Akatazama karatasi, mto, kisha mimi. Nilitegemea atashangilia. Akakaa tu pembeni ya mama yake.

"Mama," akasema. "Twende ndani."

"Sharti ni sharti, sina neno," Bibi akajibu, akimpa mkono amwinue. "Ila ni uzembe wa huyu mtoto."

Alasiri alikuwa amelala fofofo kwenye chumba chenye dirisha kubwa, kabla hatujamaliza kutandika shuka.

Barua sikupata. Jumatatu nilikuwa tena juu ya paa na kikwangulio changu, kwa amri ya Baba, nitoe kila kitu na kuanza upya. Jua lilikuwa lilelile. Dirisha la Bibi likafunguka.

"Mke mwenzangu! Umeona linavujia wapi?"

"Kila mahali, Bibi."

"Pole na kazi," akasema, akavuta pazia na kurudi kulala.

Nikainama. Gundi ile niliipaka vizuri mno, haikutaka kutoka.