Ndoo ya Shemeji

Nilimwambia shemeji sebuleni kwake, mbele ya dada yangu, bila kupepesa macho: "Huko unakokwenda utaumbuka. Utarudi umeufyata mkia."

"Kaka, chunga mdomo," dada akasema.

"Sichungi! Mimi kocha msaidizi wake miaka yote, napanga koni mazoezini, nafoka mpaka koo linakauka, sifa anakula yeye. Leo kombe liko kabatini, anatuacha kwenye mataa na kwenda kufundisha timu ya wale mastaa wenye maringo!"

Shemeji akakoroga chai yake. Ndivyo alivyo. Wachezaji walimbatiza Bubu, kwa sababu wakati wa mapumziko hakuwa akisema neno. Anageuza ndoo, anakaa, anasubiri mpaka mchezaji mmoja akubali kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe; ndipo anainuka, na timu nzima inainuka naye kurudi uwanjani. Kwetu iliwezekana, vijana wamekua mtaa mmoja, hawaoneani haya. Lakini mastaa wale? Staa akiri kosa? Thubutu!

"Watakucheka," nikasema.

"Labda," akajibu. Basi! Yaani nilitamani kumwagia ile chai.

Timu nikapewa mimi, kwa majaribio. Mwenyekiti hakunificha kitu: "Mfunge shemeji yako, ukocha ni wako. Ukifungwa, tunatafuta mtu." Nikaapa. Sikuwa tayari kufa naitwa shemeji wa Bubu.

Siku ya mechi tukaenda mapumziko tukiongoza kwa bao moja. Nilimpita kwenye korido, nikashindwa kujizuia. "Pole, shemeji. Ndoo umekuja nayo?"

Akapita zake. Jeuri yule!

Vyumba vya kubadilishia nguo pale vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Nikaanza kazi yangu. Nikamfokea beki wa kushoto, nikamfokea kipa, nikapiga ubao kofi. Upande wa pili, kimya.

"Mnasikia?" nikawaambia vijana, nacheka. "Wamemsusa! Amekaa kwenye ndoo yake kama muuza maji!"

Hakuna aliyecheka nami. Ndipo ikasikika sauti nzito ng'ambo ya mbao, sauti ya mshambuliaji wao, yule anayetangazwa redioni kila siku.

"Kosa langu. Sirudi kukaba. Namwachia mwenzangu mzigo wote."

Kisha mwingine: "Na mimi naogopa mpira tangu tulipofungwa."

Nikapandisha sauti niwafunike. "Nyinyi! Nitazameni mimi! Tunaongoza sisi!"

Vichwa vyote vilikuwa vimegeukia ukutani. Nahodha, ambaye kitambaa nilimfunga mkononi mimi mwenyewe, akainua kiganja.

"Samahani, kocha. Punguza sauti kidogo. Bubu yupo hapo."

"Bubu hajasema kitu!"

"Ndiyo. Anasubiri."

Nahodha akasimama, akausogelea ule ukuta, akainamisha kichwa kama alivyozoea zamani.

"Na mimi kosa langu," akauambia ukuta. "Bao letu la bahati tu. Eneo lote la kiungo limenishinda, na nimeona aibu kusema."

Ng'ambo nikasikia ndoo ikikwaruza sakafu. Shemeji alikuwa ameinuka. Vijana wangu nao wakainuka, wote kwa pamoja.