Muhuri wa Mahrous

Turkiya alitoka Ibra asubuhi, muhuri kaufunga katika leso na kuutia mkobani, akashika njia ya Nizwa. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwalimu mstaafu, hakuolewa, na tangu mama yake afariki ndiye aliyekuwa akimtazama baba yake. Safari ile alitumwa na kaka yake, Hisham, aliyekuwa akitayarisha kitabu cha nasaba ya ukoo wao. Hisham alitaka ukurasa wa mwanzo uwe na picha ya muhuri, na chini yake maneno yaliyochongwa, yamesomwa na mtu anayejua.

Baba yao, Mzee Nadhir, hakupenda.

"Pigeni picha, inatosha," alisema. "Usomwe wa nini? Sote twajua ulikuwa wa nani."

Walijua, au walidhani wanajua. Ulikuwa wa babu yao wa kale, Mahrous, kadhi, aliyeishi miaka mia sita nyuma. Kipande cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kilikwenda Unguja na babu mzaa baba yao, na mwaka sabini na moja kikarudi Oman kimeshonwa ndani ya fulana ya Baba. Wageni wakija, Mzee Nadhir hukitoa akawaonyesha, akawaambia, "Sisi watu wa asili." Turkiya alidhani mara hii ni uzee tu unaomtia wasiwasi.

Msomaji wa mihuri alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Wiam, mwenye ofisi ndogo nyuma ya soko la Nizwa. Mama yake alizaliwa Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani.

"Karibu, Bi Turkiya. Samahani, Kiswahili yangu mbovu."

Alikandika nta laini juu ya kibao, akaubonyeza muhuri, akauinua taratibu. Herufi zilizokuwa kinyume zikageuka, zikasomeka. Akainama na lenzi yake, akazifuata moja moja.

"Hapa chini umeona? Mizani. Alikuwa anapima vitu, labda ubani. Na huu upande umelika, kwa hiyo alikuwa anatumia kila siku. Mfanyabiashara huyu."

"Sisi tumeambiwa kadhi."

"Hapana, khala," alisema Wiam, kama anayemwita mama mdogo. "Imeandikwa, *Mahrous, atiq wa Rashid*. Atiq, yaani mtu aliyekuwa mtumwa, bwana wake akamwacha huru. Na mimi nampenda huyu mtu. Angeweza kuandika Mahrous peke yake, nani angemuuliza? Lakini yeye kachonga yote kwenye shaba. Hakuona aibu hata kidogo."

Turkiya alicheka, si kwa furaha. "Basi Baba atakufa kwa mshituko nikimwambia."

Wiam hakucheka. Alikuwa akiitazama ile nta tena. "Hii muhuri nimeiona kabla," alisema. Akainuka, akafungua kabati, akatoa daftari nene la marehemu mwalimu wake, Sheikh Muatasim, aliyekuwa akihifadhi chapa ya kila muhuri aliousoma. Akafunua mpaka katikati. Mizani ile ile, herufi zile zile. Pembeni, kwa wino wa buluu, jina la aliyeuleta: Nadhir, wa Ibra. Februari 1990. Na chini yake Sheikh aliandika: *Nimemsomea mwenyewe maana yake. Ameniomba nisimwambie mtu.*

Turkiya aliusoma ule mwezi mara tatu.

Mwezi wa Mei mwaka huo, baada ya Idi ndogo, wazee wa Khelef walikuja kumposa. Khelef alikuwa karani wa idara ya elimu, familia yake ya Ng'ambo, Unguja, kijana ambaye Turkiya alimtaka kwa moyo wake wote. Mzee Nadhir aliwapa kahawa na halua, kisha akawaambia hawezi kutoa binti yake kwa mtu ambaye bibi wa baba yake alikuwa mtu wa kununuliwa. Aliutoa na muhuri akawaonyesha. Turkiya alikuwa nyuma ya mlango, akayasikia yote. Khelef alioa mke wa mji wa Sinaw mwaka uliofuata. Waliokuja kuposa baadaye, Turkiya aliwakataa mwenyewe.

Alirudi Ibra adhuhuri. Baba yake alikuwa barazani, kaegemea mto.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umepiga picha?"

"Ulikwenda kwa Sheikh Muatasim mwaka wa tisini." Hakukaa kitako. "Alikusomea."

Mzee Nadhir aliitazama mikono yake.

"Ulijua, Baba. Wazee wa Khelef wamekaa hapa hapa, na wewe unajua."

"Nilikuwa nakuhifadhi, mwanangu."

"Na nani?"

"Na watu. Hujui maneno ya watu. Tumetoka Unguja hatuna kitu, hapa wanatuita Wazinjibari, jina ndilo lililobaki mkononi. Ningempa yule, wangeanza kuchimba. Wangefika kwetu."

"Mimi nililia mwaka mzima, ukanisikia. Ukanambia nimshukuru Mungu kwa asili yangu."

"Turkiya..."

"Ungenambia mimi peke yangu. Ningenyamaza, Baba. Ningekubali hata kumkosa, lakini nijue kwa nini."

Mzee alifunika uso kwa kilemba chake, na Turkiya, ambaye siku zote angekwenda kumshika bega, alisimama pale pale.

Jioni alimpigia Hisham akamweleza. Hisham akasema, "Dada, ukurasa huo tuutoe tu. Kwani lazima?"

Hapo ndipo alipoamua. Alimwambia Hisham aje na mkewe Ijumaa, wamtazame Baba, kwani yeye anahamia Sur, alikofundisha miaka yake ya mwanzo. Aliandika majina ya dawa kwa herufi kubwa na saa zake, akaibandika karatasi jikoni. Muhuri aliupeleka kwa Wiam, akaomba uhifadhiwe kwa jina kamili la Mahrous, kama mwenyewe alivyolichonga.

Kitabu kilitoka baada ya miezi minne. Humo, Mahrous ni kadhi.

Mzee Nadhir humpigia simu kila asubuhi. Turkiya hupokea, humwamkia, humuuliza kama amekunywa dawa ya presha. Baba akianza, "Lile jambo, mwanangu," humwambia maji yanachemka jikoni, akakata.